Studio ya ufinyanzi niliyolipia Dar, naongelea upande wa glezi tu

Kufinyanga kwenye gurudumu kila mtu anapost, ila hii ya kuchanganya na kupaka glezi, lile tabaka la kioo linalofunika chombo, hakuna anayeisema wakati ndo inayoamua kikombe kitakaa mezani au kitaishia kwenye ndoo ya vigae. Jina la studio nalihifadhi maana nina ya kusifia na ya kulalamika.

Makopo ya glezi iliyokuja tayari wanayo, ila wanakutoza pembeni na bei imechangamka. Ukilipia darasa wanakukalisha na mizani unapima poda mwenyewe: feldispa (unga wa madini ya mwamba), silika, unga wa mawe ya chokaa na kaolini (udongo mweupe), tena kaolini ya Pugu hapo Kisarawe, kumbe yale mapango yenye popo ni machimbo yake bana. Barakoa lazima, na sio ya kitambaa, maana vumbi la silika linaharibu mapafu na hayarudi. Hapo fundi hana utani kabisa na nilimpenda kwa hilo.

Maelezo yake yako wazi. Silika ndo inageuka kioo ila peke yake inataka joto la kama nyuzi 1700, tanuri gani hilo sasa, so feldispa na chokaa zinaifanya iyeyuke mapema, kaolini nayo inaishika isitiririke hadi kwenye shelfu. Ile resipi maarufu ya feldispa 40, silika 30, chokaa 20, kaolini 10 ni ya koni 10 (koni ni kipimo cha joto la uchomaji), huko karibu na nyuzi 1300, wao wanachoma koni 6 kwenye tanuri la umeme, kama 1220 hivi, kwa hiyo wanaingiza friti yenye boroni, yaani unga wa kioo kilichoyeyushwa tayari, iyeyuke mapema zaidi. Kama umekopi resipi mtandaoni angalia kwanza ni ya koni ngapi, usije ukatoa chombo kikavu kinakwaruza kama msasa.

Poda unaimwagia kwenye maji, sio maji kwenye poda, unaiacha ilowe, halafu unachuja kwa chujio la meshi 80 (matundu 80 kwa kila inchi), unarudia tena. Na hapa ndo pesa yangu ilipoenda vizuri, maana wengi watakwambia koroga mpaka uone imekaa sawa, sawa ipi? Fundi anapima mililita 100 za glezi kwenye mizani, ikisoma gramu 145 hivi mnaendelea, ikizidi mnaongeza maji, basi. Wiki ijayo ukirudi unapata glezi ileile.

Kupaka kwenyewe ni haraka. Chombo kimeshachomwa mara ya kwanza kama nyuzi 1000 kwa hiyo kinanyonya maji, unakifuta vumbi na sponji mbichi, kitako unapaka nta, unashika na koleo unazamisha unahesabu mpaka 3 unatoa. Kitako kisafishe hata kama kina nta, glezi ikibaki pale chombo kinagandana na shelfu na shelfu utailipa wewe. Rangi usiiamini kabla ya moto, yenye oksidi ya chuma inaonekana pinki ya ajabu ajabu halafu inatoka kahawia.

Sasa malalamiko. Vile vigae vya sampuli ukutani vimepakwa kwenye udongo mweupe, wakati udongo wanaotuuzia sisi ni wa kahawia! Glezi ileile juu ya udongo wenye chuma inatoka nzito na giza, mimi nilichagua kijani cha bahari ukutani nikapewa kijani cha kisamvu, na hakuna aliyetuambia mapema. Wakiulizwa wanasema ndo uzuri wa ufinyanzi, hapana dada, tengenezeni sampuli za udongo mnaouza. Tanuri nalo ni moja, linasubiri lijae, umeme ukikatika ratiba yote inasogea na meseji hawatumi mpaka uulize.

Kwa vyombo vya kulia wako makini, glezi za shaba za mati (zisizong'aa) hawaruhusu ndani ya kikombe, na walituonyesha kuacha kipande cha limau juu ya glezi usiku kucha, rangi ikipauka hicho ni cha maua tu.

Mimi ningelipia tena darasa la kuchanganya, uchomaji wa haraka haraka kwa ajili ya zawadi ya harusi hapana. Ukienda omba kigae cha udongo wako kichomwe kwanza, wanacho ila hawakitoi mpaka uombe, na nenda jioni za katikati ya wiki, Jumamosi ndoo moja ya glezi mnagombania watu wote.