Kuchagua tahasusi: kompyuta au mwalimu wa ushauri?

Mwanafunzi wa kidato cha nne wa Dodoma anayejaza Selform, fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano au chuo, ana swali zito: achukue tahasusi (mchepuo wa masomo) ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, au aende chuo cha kati?

Nianze na kompyuta. Programu nyingi za kupima mwelekeo wa kazi zimejengwa juu ya nadharia ya John Holland, Mmarekani aliyegawa watu na kazi katika makundi sita. Dodoso la O*NET la Wizara ya Kazi ya Marekani ni la bure. Toleo fupi lina maswali 60. Je, ungependa kutengeneza makabati ya jikoni? Kufanya majaribio ya kemia? Mtoto anajibu bila kutazamana na mtu. Hapo ndipo ninapoipenda: binti wa Bahi mwenye moyo wa ufundi atabofya kwamba angependa, jambo ambalo mbele ya mwalimu angelimeza.

Ila maswali ni ya Kiingereza, na kazi zinazoorodheshwa ni za Marekani. Dodoso halitamwambia kuhusu Chuo cha Madini wala Chuo cha Mipango, vyote vipo hapa hapa mjini, wala vigezo vya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Mwalimu anavijua, na anajua kama nyumbani ada itapatikana. Shida yake ni muda. Ana vipindi na madaftari ya kusahihisha. Walimu wengine pia humsukumia sayansi kila mwenye alama nzuri, na hilo linaumiza watoto.

Kama shule ina maabara ya kompyuta, dodoso litangulie, majibu yachapishwe, mwalimu aanzie hapo. Ikibidi moja tu, nachagua mwalimu.