Mashine ya msasa wa mkanda niliyoiunda mwenyewe: uzoefu wangu Wete

Nina karakana ndogo ya visu hapa Wete, Pemba. Nafua vya kuparia samaki, vya jikoni na, ikikaribia Idi ya kuchinja, vya kuchinjia. Zamani kazi yote ilikuwa tupa na grainda ya mkono. Siku hizi natumia mashine ya msasa wa mkanda niliyoichomelea mwenyewe, na hukumu yangu naitoa mapema: iunde, lakini kabla hujakata chuma chochote, ujue mkanda utaununua wapi.

Nasema hivyo kwa sababu michoro mingi ya mtandaoni ni ya Wamarekani, na mashine zao zinavaa mkanda wa inchi 2 kwa 72, yaani milimita 50 kwa 1,830. Huo hapa kisiwani sijauona dukani. Nilioupata, tena kwa kuagiza Kariakoo, ni wa milimita 100 kwa 915, ule wa mashine za mezani za maseremala, basi fremu nikaipima kwa huo. Utamu wake ni huu: ukiutia mkasi kidogo katikati kisha ukauvuta kwa mikono, kitambaa kinachanika kwa kufuata uzi, moja kwa moja mpaka mwisho, na mkanda mmoja unakupa miwili ya milimita 50. Lakini uwe wa kitambaa. Wa karatasi hauchaniki hivyo, wala chuma hauwezi.

Mota ni ya mashine ya kukunia nazi, hospawa moja, mizunguko 1,420 kwa dakika. Gurudumu la kuendeshea nimelikerezesha kwa mbao ngumu, kipenyo milimita 150, kwa hiyo mkanda unakwenda kama mita 11 kwa sekunde. Wenye mashine za kununua wanakwenda mara mbili ya hapo, na kwa kuondoa chuma kingi wananishinda. Kwa kumalizia makali, mimi mwendo huu wa pole ndio ninaoutaka. Ukitafuta mota, chukua iliyofungwa pande zote na feni yake iko nje. Vumbi la chuma likiingia kwenye koili, umeshaiaga.

Magurudumu madogo yana beringi za 6202 zenye vifuniko vya mpira pembeni, ambazo nimezipata duka la spea za pikipiki. La juu ndilo la kulikerezea kwa makini: katikati litune kidogo kuzidi kingo, ili mkanda ujivute wenyewe pale kati. Nyuma yake nimetia bolti ya kuliinamisha. Izungushe robo tu, utauona mkanda unahama. Springi ya kukaza ni ya stendi ya pikipiki.

Ami yangu, mhunzi wa enzi za mivuo, alikuja kuitazama. Nikampa kipande cha springi ya gari, akakigusisha kwenye msasa namba 40, ule wa chembe kubwa, cheche zikaruka mpaka ukutani. Akakigeuzageuza mkononi.

"Mwanangu, hii hainoi. Hii yala chuma!"

Na kweli yala. Ndiyo maana kabla ya kukitia kisu moto na kukichovya kwenye mafuta, makali nayaacha na unene wa milimita moja hivi, yasipinde. Kikishakuwa kigumu nasaga bila glavu, kikianza kuniunguza vidole nakitia ndoo ya maji. Ukiona makali yamegeuka buluu, joto limekaribia nyuzi 300, ugumu umetoka, na hakuna kinoo kitakachourudisha. Halafu kipake mafuta ya nazi papo hapo, maana kwa hewa hii ya chumvi kinalala kizima na kuamka na kutu.

Kasoro zipo. Kelele, na vumbi linaloingia mpaka kooni. Bila barakoa na miwani usiiwashe, na msuli uvae ukirudi nyumbani. Wakati wa masika, mikanda iliyowekwa vibaya inaachia kwenye maungio. Umeme wetu wa waya wa baharini kutoka Tanga, ulioingia mwaka 2010, mchana sina neno nao, ila jioni nguvu ikishuka mota inanguruma na ukiikandamiza inasimama.

Chuma chakavu, mota na beringi, vyote havikufika laki tatu. Mikanda ndiyo inayofilisi, hasa ya namba 40, inakufa baada ya visu vichache. Iliyochakaa siitupi, naondolea gamba jeusi la moto.

Bapa la nyuma ya mkanda, pale unapoegemeza kisu, nililitia la chuma laini na limeshaanza kuchimbika, kisu hakitoki bapa sawasawa. Nimekwisha kutenga kipande cha springi ya gari, nitakitia moto kiwe kigumu na kulibadilisha wiki hii, maana oda za Idi zimeanza kuingia.