Terre d'Hermès kwa joto la Mwanza, msiihukumu kwa lile chungwa la mwanzo

Mtu anaingia dukani, anapuliza pafyumu ya Terre d'Hermès kwenye kale kakaratasi ka kujaribia, ananusa mara moja, "aah kumbe machungwa matupu", anairudisha. Naliona sana hili na linaniuma, maana hapo aliponusa pafyumu yenyewe hata haijaanza.

Mimi ninayo ile ya kawaida, eau de toilette, yaani ile nyepesi, iliyotoka 2006, kaiunda Jean-Claude Ellena, Mfaransa. Ukipuliza tu unapata chungwa na balungi, ila sio juisi, ni ganda, ule mvuke mchungu unaokurukia machoni ukimenya chungwa, na kwa mbali kuna pilipili manga inawasha pua. Mke wangu dakika hizo hataki kunisogelea, anadai nimeogea sabuni ya vyombo. Sawa. Harufu za jamii ya machungwa ni nyepesi zinaruka haraka, na kwa jua la saa saba mchana pale Nyegezi stendi ndo kabisa, nusu saa nyingi.

Kinachofuata ndo nilichotolea hela. Jiwe! Sitanii, wachambuzi wengi wanasema gumegume, na sisi wa huku tulioishi katikati ya mawe hatuhitaji kufundishwa, ni vile mwamba uliopigwa jua kutwa nzima unavyonukia matone ya kwanza ya mvua yakiudondokea. Chini yake kuna mbao za mwerezi, kavu, halafu vetiva, ambayo ni mizizi ya majani fulani marefu, ina kaudongo na kamoshi kidogo hivi. Utamu upo ila mdogo mno, tena mwishoni huko, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa vanila na udi mzito hii itakuboa aisee, tusidanganyane.

Sasa kuna kitu kinachanganya wengi. Humo ndani kuna Iso E Super, kemikali ya maabara yenye harufu laini ya mbao, wameimwaga ya kutosha, na pua ya mvaaji inaizoea mapema, kwa hiyo ikifika saa nne asubuhi unaona imeisha unataka kuongeza. Usiongeze. Kuna siku niko Mwaloni Kirumba, magunia ya dagaa kulia kushoto, nimeshajua pafyumu imekufa zamani, dada mmoja anayepima dagaa akaniuliza kaka unapaka nini, mbona naisikia kila ukipita. Katikati ya dagaa! Na wala haikuwa inashindana nayo, ilikuwa imetulia tu.

Kwenye ngozi yangu inafika jioni kwa kujikongoja, ila kola ya shati kesho yake bado ipo, mbao tupu.

Ile Parfum, toleo zito lililotoka 2009, chungwa limepungua mbao zimezidi, mchana wa huku naona inachosha, ibaki ya jioni Capri Point upepo wa ziwa ukivuma. Kuna na Eau Intense Vétiver ya 2018, hiyo ni ya Christine Nagel aliyempokea Ellena kazi ya kuunda pafyumu pale Hermès, ile mizizi ya vetiva imeongezwa, na kama sio hii yangu basi ningechukua hiyo.

Bei imesimama, ndo maana feki ni nyingi, na wanaiga mpaka ile H ya kwenye kitako cha chupa, sembuse chungwa, chungwa ni rahisi kuiga. Omba upulize mkononi, zunguka zako Makoroboi ununue unachonunua, rudi baada ya saa moja hivi. Kama imegeuka pipi au imepotea kabisa, mwachie mwenyewe hata akipunguza vipi. Mi huwa naagiza kwa mtu anayetoka nje, chupa ya mililita 100, na inakaa sana kwa sababu ukipuliza mara mbili, shingoni na kwenye shati, imetosha.