Rimoti ya alamu ya gari: utengeneze au ununue mpya?

Mimi hupendelea kutengeneza kwanza. Ifungue uitazame: mara nyingi mpira wa vitufe umetoboka, betri ya CR2032 ya volti 3 imechoka, au swichi ndogo iliyo chini ya kitufe imeachia risasi ya kulehemu. Fundi simu mzuri huichomelea upya papo hapo. Kasha tupu nalo huuzwa peke yake. Ila kama ufunguo una chipu, yaani kidude kidogo ambacho gari hukitambua ndipo liwake, simamia mwenyewe ihamishiwe kwenye kasha jipya, la sivyo gari haliwaki.

Mpya inunuliwe pale sakiti imeingia maji ikaliwa na kutu, au rimoti imepotea kabisa. Angalia masafa ya mawimbi ya redio ya rimoti: magari mengi ya Japani hutumia megahezi 315, ya Ulaya 433.92. Kisha isajiliwe kwenye alamu, na ile iliyopotea ifutwe.