Uzoefu wangu na PlayStation 2: mashine ni nzima, soko ndilo lililokauka

Nimekuwa nikiitumia PlayStation 2, ile nyembamba iliyotoka mwaka 2004, kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, na mpaka leo inawaka, inasoma diski, na pedi zake zinaitikia kila kitufe. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba mashine za gemu huacha kuuzika kwa kuwa zimechakaa. Jokofu la zamani likiwa zima bado lina mnunuzi, lakini mashine ya gemu hununuliwa kwa ajili ya gemu zitakazokuja, na siku watengenezaji wanapoacha kuitengenezea, mnunuzi mpya haoni sababu ya kutoa fedha yake hata kama mashine yenyewe haina kasoro yoyote.

Sony ilianza kuiuza Japani tarehe 4 Machi 2000, na ilipofika Novemba 2005 zilikuwa zimeshaingia sokoni milioni 100. Milioni 50 zilizofuata zilichukua zaidi ya miaka mitano, kwani idadi ya milioni 150 ilitimia Januari 2011. Mashine ilikuwa ileile. Waliobaki bila kuwa nayo ndio waliopungua, na aliyekwisha kununua harudi dukani ila ya kwanza ikifa. Nchini Marekani bei ilianza na dola 299, ikashuka hadi 199 mwaka 2002 na kufika 99 mwaka 2009, na kila iliposhuka waliingia wanunuzi ambao awali hawakuimudu. Hata hivyo, anayesubiri mpaka bei ifike hapo kwa kawaida hununua gemu chache, tena nyingine zilizokwisha kutumika, ilhali faida kubwa ya biashara hii hutokana na gemu kuliko mashine. Ndiyo maana kampuni za gemu huhamia mapema kwenye mashine mpya, nami siwalaumu.

Kwa sisi wapenzi wa mpira, kuhama huko kulionekana wazi kuliko mahali pengine popote. Kila mwaka, ligi za Ulaya zinapoanza, tulitarajia gemu mpya ya soka. Katika miaka ya mwisho, toleo la PlayStation 2 lilileta zaidi jezi na vikosi vipya, wakati wenye PlayStation 3 wakipata uchezaji ulioboreshwa kweli. FIFA 14 na PES 2014 (Pro Evolution Soccer), zote za mwaka 2013, ndizo zilizofunga ukurasa. Mpwa wangu akifungua kikosi cha Barcelona kwenye FIFA 14 anamkuta Messi, jambo linalomfurahisha, kisha anamtafuta Mbappé timu baada ya timu na hampati, kwa sababu wakati ule kijana yule alikuwa bado hajacheza ligi kuu. Mtoto wa aina hiyo hatamwomba baba yake amnunulie mashine hii, na ni watoto kama yeye ndio wangekuwa wateja wapya.

Jambo la pili, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha, ni televisheni. PlayStation 2 ilitengenezwa katika zama za televisheni za chogo, na kwenye televisheni hizo picha yake hutulia vizuri sana. Nilipoiunganisha kwenye televisheni bapa kwa waya zake za njano, nyeupe na nyekundu, namba za migongoni mwa wachezaji zilitawanyika hata nikashindwa kuzisoma, na kati ya kubonyeza kitufe na mchezaji kupiga mpira kulikuwa na kuchelewa kunakokera, kwani televisheni inahitaji muda wa kuikuza picha ndogo. Televisheni nyingi za sasa hazina hata matundu ya waya hizo, hivyo mtu analazimika kununua kifaa cha kubadilishia, na gharama inaongezeka kabla hajacheza hata dakika moja.

PlayStation 3 nayo, iliyotoka Novemba 2006, ilichangia, ingawa polepole. Zile za mwanzo ziliweza kusoma diski za PlayStation 2, lakini uwezo huo uliondolewa katika matoleo ya baadaye, na kwa maoni yangu uamuzi huo uliirefushia maisha mashine ya zamani, kwa sababu mwenye diski nyingi hakuwa na pa kuzipeleka. Uzalishaji wa PlayStation 2 ulifika mwisho kati ya Desemba 2012 na Januari 2013.

Pamoja na hayo yote, naipenda na ninaipendekeza kwa anayetaka kucheza na ndugu zake sebuleni. Haidai intaneti wala haikusubirishi upakue chochote. Unaweka diski na mpira unaanza. Ukiamua kununua iliyotumika, omba iwashwe mbele yako na diski ichezwe mpaka mechi ianze, kwa kuwa lenzi inayosoma diski ndiyo hutangulia kuchoka. Hakikisha pia memori kadi yake ya megabaiti 8 inahifadhi kweli, kwa kuhifadhi, kuzima mashine na kuiwasha tena kabla hujalipa, na kama nyumbani bado kuna televisheni ya chogo inayofanya kazi, usiitoe.