Kituo cha QT, VETA au uhamisho? Tumezipima njia za mwanafunzi anayekaribia kufukuzwa

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akishakusanya barua za onyo na mzazi kuitwa mara ya tatu, mwalimu wa nidhamu husema lile lile: "Mama, mtafutie kijana sehemu nyingine." Kwa Arusha na Moshi, sehemu hiyo mara nyingi ni kituo cha masomo: vyumba viwili vya kupanga, ubao, na bango la "QT na Kidato cha Nne" mlangoni (QT ni mtihani wa maarifa, unaomfungulia mtu njia ya kufanya ule wa kidato cha nne). Tunavipa vituo hivi nyota tatu kati ya tano, na nyota moja inategemea mwezi mliofika.

Uzuri wake ni kwamba havina gwaride wala ukaguzi wa nywele. Kijana aliyekuwa akigombana na shule kwa sababu ya sare, simu au kiduku, ugomvi wake unaisha siku ya kwanza. Mtoro ni habari nyingine. Kabla ya kulipa ada, omba daftari la mahudhurio la wiki iliyopita. Ukikuta vema tupu, kalamu ile ile toka Jumatatu hadi Ijumaa, hakuna hata mmoja aliyeugua, limejazwa kwa mkupuo. Hapo utakuwa unamlipia mtoto ada ya kuzurura stendi. Uliza pia nani atakupigia simu asipoonekana, na saa ngapi. "Tutakujulisha" si jibu.

Mtihani ndio unaowaumiza wengi. Akitoka shuleni anakuwa mtahiniwa wa kujitegemea, kwa hiyo zile alama 30 za upimaji endelevu anazobeba mwanafunzi wa shule hana tena. Anategemea karatasi za mtihani wa kidato cha nne wa Novemba peke yake. Kama alifaulu upimaji wa kidato cha pili, hahitaji QT. Hiyo ni ya asiye na matokeo hayo. Kituo kinachomwandikisha QT bila kuomba namba yake ya mtihani wa kidato cha pili, ondokeni. Usajili wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hufunguliwa Januari, hufungwa mwisho wa Februari, na Machi unalipa na faini. Anayefukuzwa Mei anasubiri mwaka mwingine, hata kituo kikimpokea kesho yake asubuhi.

Uliza namba ya kituo cha mtihani. Ya watahiniwa wa kujitegemea huanza na herufi P, ya shule na S. Vituo vingi vya mtaani havina namba yao na husajili kupitia kwingine. Si kosa, ila ujue ni wapi na upewe risiti ya usajili yenyewe, siyo risiti ya ada.

Uhamisho tunaupa nyota nne, maana ndio pekee unaomwacha awe mwanafunzi wa shule. Unaharibika kwa kuchelewa: lazima uanze kabla bodi ya shule haijakaa kumfukuza. Tafuta kwanza mkuu wa shule mwenye nafasi, ndipo uende na fomu kwa mkuu wa sasa. Na usimfiche sababu yule mpya. Atapiga simu shule ya zamani tu, na akiisikia sababu hiyo kwa wengine nafasi inapotea.

VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi vya serikali, wazazi wengi wanaiona jalala la walioshindikana. Wanakosea, na vijana wanaipata hiyo dharau. Moshi kuna chuo cha mkoa, na Njiro, Arusha, kuna cha hoteli na utalii. Kozi ndefu huanza Januari, maombi hufanyika mwaka unaotangulia, kwa hiyo fomu hutafutwa kijana akiwa bado darasani. Asiyeweza kukaa vipindi vinane kwenye dawati hukaa karakana siku nzima akiwa na kitu mkononi. Lakini aliyekosa siku ya vitendo hana daftari la rafiki la kunakili. Mtoro wa darasani atakuwa mtoro wa karakana vile vile.