Dishi la kwenye paa la gari au la stendi?

Mi kwa kuangalia TV safarini nachagua la stendi ya miguu mitatu. La paa raha kweli, unabonyeza tu linajitafutia setilaiti lenyewe, ila ukipaki chini ya mti umekwisha, maana setilaiti iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta na matawi yakiziba hapo katikati picha inaganda, sasa utahamisha gari zima? La stendi unavuta waya unaliweka peupe, gari linabaki kivulini. Shughuli iko kwenye kutega: nguzo isimame wima kabisa, halafu unasogeza kidogo sanaa, unasubiri king'amuzi kisome, unasogeza tena. Upepo ukiwepo ning'iniza kitu kizito kwenye stendi. Ila mkitaka kuangalia gari likitembea, hapo la paa tu, tena lile linalofuata setilaiti mkiwa njiani.